Bustani ya Mtaa na Vijana Wetu



Somo letu la safari hii ni juu ya mboga. Huenda wengine watasema mboga ni jambo dogo, wala halistahili kurasa za gazeti. Lakini mtu aliyewahi kulisha watoto sita kwa mshahara wa mwezi anajua kwamba mboga si jambo dogo. Zaidi ya hayo, tunataka kusema juu ya mboga pamoja na jambo jingine ambalo kila mzazi analiona mtaani kwake, yaani vijana waliomaliza shule, wenye nguvu na akili, ambao jua huchomoza na kuzama bila mtu yeyote kuwahitaji. Mambo haya mawili yaweza kukutanishwa mahali pamoja, napo ni kwenye bustani ya mtaa. Tusome basi kwa utaratibu, hatua kwa hatua, na mwisho tutatoa maswali ya kujadiliana.

1. Bustani ya mtaa ni nini?

Bustani ya mtaa si bustani ya mtu nyuma ya nyumba yake, wala si shamba la mjini la kibiashara lenye vibarua. Ni kipande cha ardhi katikati ya makazi ya watu, ambacho majirani hukilima pamoja kwa makubaliano, wakapanda vitu vya kuliwa: mchicha, matembele, chainizi, kunde, bamia, nyanya chungu, sukuma wiki, na hata mipapai kandokando. Ardhi yaweza kuwa kiwanja kisichojengwa, uwanja wa shule au wa zahanati, au eneo lililo kando ya kanisa ambalo kazi yake hadi sasa ni kuotesha majani na kufuga nyoka.

Faida yake kwa mwili ni wazi. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kila siku. Mboga za majani ya kijani kibichi zina madini ya chuma, nazo husaidia mwili kupata vitamini A, ambayo hulinda macho ya watoto. Lakini mboga hulala na kunyauka njiani. Inayochumwa hatua hamsini kutoka jikoni huliwa ikiwa na nguvu zake.

2. Jambo hili si geni

Tusidhani kwamba tumeanza sisi. Wazee wanakumbuka ukame wa miaka ya 1973 hadi 1975, na ile kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, ambapo hata wafanyakazi wa mjini walihimizwa kushika jembe. Mwaka 1992 Serikali ya Tanzania ilitoa kanuni za kilimo cha mijini, zilizokiri kwamba watu wa mjini wanalima, zikaweka na kikomo cha ekari 3 kwa mtu mmoja. Jirani zetu wa Nairobi walitunga sheria yao ya kilimo cha mjini mwaka 2015.

Kule Havana, mji mkuu wa Cuba, mambo yalibana baada ya Umoja wa Kisovieti kusambaratika mwaka 1991. Mafuta, mbolea na chakula kutoka nje vilipungua ghafla. Watu wakageukia viwanja vitupu vya mjini. Pale ambapo ardhi ilikuwa mbovu walijenga matuta yenye kingo za matofali au mbao, wakayajaza udongo na mboji, wakapanda mboga juu yake. Njaa iliwafundisha somo, nao hawakulisahau.

Mfano wa karibu zaidi ni Kibera, Nairobi. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, biashara zilivurugika na chakula kikawa taabu. Mwaka 2008 kikundi cha vijana, wengine wao wakiwa wameachana na maisha ya uhalifu, waliondoa takataka kwenye jalala wakaligeuza kuwa shamba la mboga. Wakati huohuo bustani za magunia zilienea: gunia hujazwa udongo na samadi, hutobolewa ubavuni, na kila tundu hupandwa mche. Mwenye mlango mmoja na kibaraza kidogo naye akawa mkulima.

Mwaka huohuo wa 2008, huko Todmorden, mji mdogo wa kaskazini mwa Uingereza, wenyeji walianza kupanda mboga na viungo mahali pa wazi, hata mbele ya kituo cha polisi na kwenye stesheni ya treni, ili yeyote apitaye achume. Hali zao si zetu, lakini fikira ni moja: ardhi iliyolala katikati ya watu yaweza kuamshwa.

3. Kwa nini kijana hulikimbia jembe?

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Mara nyingi tunasikia wazee wakisema, "Vijana wa siku hizi ni wavivu." Tumefundisha kwa miaka mingi, tukafundisha na wale waliokwenda kufundisha, na hatukubali kauli hiyo. Kijana huyohuyo anayeitwa mvivu huamka saa kumi alfajiri kuwahi mzigo sokoni, au hukimbia uwanjani mpaka giza likaingia. Basi si kazi anayoikimbia. Anakimbia kitu kingine, nacho yafaa tukijue.

Mwezi Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa maandishi yake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Wengi hukumbuka kwamba alitaka kila shule iwe na shamba. Wachache hukumbuka nusu ya pili: kwamba wanafunzi washiriki katika kupanga kazi ya shamba hilo, wafikiri, waamue, na waone faida ya jasho lao. Katika shule nyingi nusu ya kwanza ilifuatwa na nusu ya pili ikaachwa. Jembe likawa adhabu. Aliyechelewa alilima, aliyepiga kelele alilima, aliyeshindwa hesabu alilima. Mahindi yalipokomaa, mtoto hakujua yalikokwenda.

Tujiulize: mtoto aliyeshikishwa jembe kila alipokosa, atalipenda lini? Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Tukimfundisha kwamba udongo ni mahali pa wakosaji, akikua atakaa mbali na udongo ili asionekane mkosaji.

Kwa hiyo bustani ya mtaa haina budi kuanza kinyume cha hapo. Kijana asiitwe siku ya kulima. Aitwe siku ya kupanga. Aulizwe tupande nini, tumwuzie nani, zamu ziweje, na fedha ashike nani. Wazee wawepo, kwa maana wanajua majira na mbegu, lakini wawe washauri. Maadamu uamuzi wote uko kwa wazee na jembe lote liko kwa vijana, hiyo si bustani ya mtaa. Ni shamba la wazee lenye vibarua wasiolipwa.

Na jambo jingine tuliseme wazi. Katika vikundi vingi wasichana hubeba maji na wavulana hubeba daftari. Hili si sawa. Ndoo na daftari vizunguke kwa wote.

4. Ardhi na karatasi

Tuliwahi kuona mtaa mmoja ambako vijana 14 walisafisha kiwanja kilichokuwa jalala kwa miaka mingi. Walizoa taka kwa mikokoteni, wakaleta samadi, wakapanda mchicha na bamia. Msimu wa kwanza walivuna vizuri. Msimu wa pili walivuna zaidi. Ndipo mwenye kiwanja, aliyekuwa amewaruhusu kwa maneno tu, akapita, akaona mahali pake pamekuwa safi na pa kupendeza. Akawapa wiki moja waondoke. Mwezi uliofuata matofali yalishushwa juu ya matuta.

Mwenye kiwanja hakuvunja sheria yoyote. Lakini kilichoharibika si mchicha peke yake. Mwaka uliofuata vijana wale walipoombwa kusafisha eneo jingine, mmoja wao alijibu, "Tusafishe kiwanja cha nani tena?" Wazee waliokuwapo hawakuwa na jibu.

Somo lake ni hili: kabla jembe halijagusa ardhi, karatasi iandikwe. Haihitaji wakili. Iandikwe mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mashahidi wa pande zote mbili, nayo itaje mambo manne: mipaka ya eneo, muda wa makubaliano, usiopungua misimu mitatu, notisi itakayotolewa kabla ya kuondoka, nayo iwaruhusu kuvuna kilichopandwa, na kilichokatazwa, kwa mfano kujenga au kupanda miti ya kudumu. Hata eneo likiwa la shule au la kanisa, karatasi iandikwe vilevile. Viongozi hubadilika, na kiongozi mpya hafungwi na ahadi asizozisikia.

5. Udongo na maji vichunguzwe

Si kila mahali pafaa kupandwa chakula. Jalala la zamani laweza kuwa na betri zilizooza, na uwanja wa gereji una mafuta machafu. Kando ya barabara kuu kuna hatari isiyoonekana, nayo ni risasi, ile madini iliyokuwa ikitiwa ndani ya petroli. Nchi zetu za Afrika kusini ya Sahara ziliacha petroli hiyo kufikia mwanzo wa mwaka 2006, lakini risasi haiozi. Hukaa katika udongo miaka mingi. Hudhuru ubongo wa mtoto kuliko wa mtu mzima. Vivyo hivyo maji. Uchunguzi umefanywa zaidi ya mara moja kwenye bonde la Mto Msimbazi, Dar es Salaam, na mboga zilizomwagiliwa maji yenye uchafu wa viwanda zimekutwa na madini yenye sumu. Mchicha huo ulikuwa wa kijani, wenye kupendeza macho. Ubaya wake haukuonekana sokoni.

Basi tufuate kanuni hizi. Kwanza, waulizwe wazee wa mtaa: hapa palikuwa na nini zamani? Pili, pakitiliwa shaka, watu wasipande ardhini. Wapande katika magunia au matuta ya kingo yaliyojazwa udongo mzuri kutoka mahali safi. Tatu, maji ya mfereji wa maji machafu yasitumike kabisa kwa mboga za majani. Nne, samadi mbichi isitiwe kwenye mboga. Huunguza miche na hubeba vijidudu. Irundikwe kwanza mpaka ioze. Tano, kama dawa ya wadudu imepigwa, siku zilizoandikwa kwenye kopo zihesabiwe kabla ya kuvuna, hata kama mteja amefika na fedha mkononi.

6. Hesabu ya matuta 12

Sasa tufanye hesabu kama darasani. Tuseme tuna vijana 12 na eneo la mita 12 kwa mita 10. Kila tuta liwe na upana wa mita 1, ili mtu aweze kulifikia katikati akiwa pande zote mbili bila kulikanyaga, na urefu wa mita 5. Njia kati ya matuta ziwe sentimita 50. Tukipanga safu mbili za matuta 6, eneo litatosha, na pembeni patabaki nafasi ya shimo la mboji.

Maji: wakati wa kiangazi tuta moja la namna hii lahitaji kama debe moja la lita 20 kwa siku. Matuta 12 ni madebe 12, yaani lita 240. Vijana wagawanywe makundi 4 ya watu 3. Kundi la zamu hubeba madebe 12, kila mtu madebe 4, na zamu yake hurudi siku ya nne baadaye. Kwa kuwa kila mmoja ana siku tatu za kupumzika, mwanafunzi hawezi kukosa masomo kwa sababu ya bustani. Lakini kama maji yako mbali kiasi kwamba madebe 4 humaliza asubuhi nzima, basi matuta yapunguzwe. Ni heri matuta 4 yaliyoshiba maji kuliko 12 yanayonyauka. Nyasi kavu zitandazwe kati ya miche, nazo zitazuia jua lisinyonye maji yote.

Mazao: wengi hupanda matuta yote siku moja. Matokeo yake, baada ya mwezi mchicha wote hukomaa pamoja, hauliki ukaisha wala hauuziki wote, kisha hufuata wiki nyingi za kukaa bure. Vijana hukata tamaa wakati huo wa kukaa bure. Njia bora ni hii: matuta 4 yawe ya mazao yanayokaa muda mrefu, kama sukuma wiki, matembele, bamia na nyanya chungu. Matuta 8 yanayobaki yawe ya mboga za muda mfupi. Mchicha huwa tayari kwa kung'olewa kama wiki 4 baada ya kupandwa. Kwa hiyo kila wiki yapandwe matuta 2. Kufikia wiki ya tano matuta 2 ya kwanza yatavunwa na kupandwa upya, na tangu hapo bustani itatoa matuta 2 kila wiki. Mchicha usirudiwe mahali pamoja daima. Ubadilishane na kunde au chainizi, ili wadudu na magonjwa yasizoee.

Mboji: maganda ya jikoni, majani na samadi hupangwa kwa tabaka, hunyunyiziwa maji kidogo, hufunikwa, na hugeuzwa kila baada ya wiki 2 au 3. Baada ya miezi kama 3 huwa mbolea nyeusi isiyonuka. Nyama, plastiki na mimea yenye ugonjwa visitiwe humo. Panapokosekana uzoefu, bwana shamba au bibi shamba wa kata aitwe. Kazi yake ni hiyo.

7. Mavuno ni ya nani?

Bustani nyingi hazifi kwa ukame. Hufa siku ya mavuno. Mama mmoja hupita akachuma "kidogo tu", mzee mmoja hutuma mtoto na kikapu, na kiongozi hupelekewa fungu la heshima. Kijana aliyebeba madebe 4 kila zamu hutazama tu, na siku ya zamu yake inayofuata haonekani. Tena tunasema ni mvivu.

Kwa hiyo mgawo uamuliwe kabla ya mbegu kununuliwa, na uandikwe. Mgawo mmoja unaofaa ni wa mafungu matatu. Fungu la kwanza huenda nyumbani kwa waliolima. Fungu la pili huuzwa, na fedha yake hununua mbegu na ndoo, kisha ziada hugawanywa. Fungu la tatu, hata likiwa dogo kuliko yote, huwa la wazee wasiojiweza na wagonjwa wa mtaa, nao wapelekewe na vijana wenyewe kwa mikono yao. Fungu hili ndilo litakalobadili macho ya mtaa, kwa maana bibi aliyezoea kufunga mlango amwonapo kijana wa kijiweni atamfungulia anapoleta mboga.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari liwe na kurasa tatu: zamu, mavuno na fedha. Lisomwe mbele ya wote kila mwisho wa mwezi. Kikundi kikikomaa chaweza kuandikishwa na kuomba mkopo usio na riba wa halmashauri, ambayo hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa vikundi: asilimia 4 wanawake, asilimia 4 vijana, na asilimia 2 watu wenye ulemavu. Lakini hatushauri kukopa kabla ya misimu miwili ya kazi. Jembe la deni ni zito.

8. Maswali ya kujadiliana

Tunapendekeza maswali haya yazungumzwe katika vikundi, na vijana wasemaji wawe nusu au zaidi ya waliohudhuria.

(a) Ni kipande gani cha ardhi mtaani kwenu kimelala? Nani ana mamlaka nacho, na nani atakwenda kuzungumza naye?

(b) Mahali hapo palitumika kwa kazi gani zamani? Maji yatatoka wapi, na ni hatua ngapi kutoka hapo?

(c) Vijana wa mtaa wenu huamua jambo gani leo bila kuamriwa na wazee? Kama hakuna hata moja, kwa nini watuamini juu ya bustani?

(d) Mavuno yagawanywe vipi, na ni nani katika mtaa wenu anayestahili fungu la tatu?

(e) Vijana wajibu peke yao, wazee wasikilize: jambo gani liliwafanya mlichukie jembe?

Swali hili la mwisho lipewe muda wa kutosha, na majibu yaandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la bustani, kabla ya zamu, mavuno na fedha.